Sura ya Sita: Nyota ya Taa na Tundu Lililoizaa

Mtoto aliyelelewa katika nyumba za pwani, ambako shela nyeusi ya bibi hutundikwa nyuma ya mlango, huenda aliwahi kujifunika kitambaa hicho usoni baada ya magharibi na kuitazama kwa nyuma yake taa iliyo mwisho wa kichochoro, akastaajabu kuona kwamba taa ile, ambayo kwa jicho tupu ni nukta moja tu ya nuru, imechanua miale minne, mmoja wa kupanda juu, mmoja wa kushuka chini, na miwili ya kwenda kuume na kushoto, na kila mwali umepangwa vituo vidogo vidogo vya rangi, buluu ikiwa upande wa ndani ulio karibu na taa na wekundu ukiwa upande wa nje. Akiizungusha shela, miale huzunguka pamoja nayo. Akiisogeza huku na huku bila kuizungusha, miale hukaa mahali pake kana kwamba kitambaa hakikuguswa. Mambo hayo mawili, la kuzunguka na la kutosogea, ndiyo msingi wa karibu yote nitakayoyaeleza katika sura hii, na msomaji mwenye shela, au hata mwavuli wa nailoni, atafanya vyema kuyajaribu usiku wa leo kabla ya kuendelea.

Mmoja katika watu walioliandika jambo hilo na kulitakia jawabu ni Francis Hopkinson wa Philadelphia, ambaye jina lake limo katika orodha ya waliotia saini Azimio la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776. Alikuwa ameketi mlangoni pake jioni moja, akatoa leso ya hariri mfukoni, akaikaza kwa mikono miwili mbele ya uso wake na kuitazama kwayo taa ya barabarani. Nyuzi za leso zikamtokea nene kuliko zilivyo, na alipoisogeza leso huku na huku, mistari ile haikusogea. Mwaka 1785 alimwandikia rafiki yake David Rittenhouse, mwanafalaki na fundi wa saa, kumwomba sababu; na Rittenhouse, ambaye hakuwa mtu wa kujibu kwa kukisia, akatandaza nywele sambamba katika kiunzi kidogo, akaipitisha nuru baina yake, akapima miale iliyotokea pande zote mbili, na mwaka 1786 majibizano yao yakachapishwa. Zaidi ya karne moja baadaye wapiga picha za sinema walizivalisha lenzi zao soksi za hariri ili taa zichanue na nyuso za waigizaji zilainike, na sidhani kwamba wengi wao walijua kuwa wanalirudia jaribio lile lile la leso.

Sababu yenyewe ni hii. Nuru, ambayo tumezoea kuambiwa kuwa huenda kwa mstari ulionyooka, haiupiti ukingo wa kitu bila ya kupinda kidogo. Padri Francesco Maria Grimaldi wa Bologna aliliona jambo hilo, na kitabu chake, kilichotoka mwaka 1665 naye amekwisha kufariki, kikalipa jina ambalo wataalamu wanalitumia hata leo, yaani difraksheni. Ndani ya lenzi ya kamera mna tundu linalopanuka na kufinyika mithili ya mboni ya jicho, lakini mboni hiyo haikuumbwa kwa nyama laini. Imefanywa kwa bapa nyembamba za chuma zinazolaliana, tano, sita, saba au tisa, na bapa hizo zinapokaribiana kulifinya tundu, mduara hugeuka kuwa umbo lenye pande na kona. Kila ukingo ulionyooka huitupa nuru pande mbili zilizokabiliana, kwa pembe ya mraba na ukingo wenyewe. Kwa hiyo tundu la pande 6, ambalo kila upande wake una mwenziwe unaouelekea, hutoa miale 6, kwa kuwa miale ya upande mmoja huangukia juu ya miale ya mwenziwe, ilhali tundu la pande 7, ambalo hakuna upande uliopata mwenzi sambamba, hutoa miale 14. Tundu likiachwa wazi, kwa f/2 mathalan, aghalabu huwa duara lisilo na ukingo ulionyooka, na nyota haitokei. Likifinywa hadi f/16, nyota hutoka na makali yake. Anayeitazama nyota ya taa katika picha anatazama, pasipo kujua, sura ya tundu ambalo nuru ile ilipenyea.

Al-Hasan ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi zake kubwa Kairo mwanzoni mwa karne ya 11, alikwisha kushughulika na nuru na matundu kabla ya wote hao. Katika risala yake juu ya umbo la kupatwa kwa jua alieleza kwa nini jua lililopatwa huonekana ukutani kama hilali pale tundu linapokuwa dogo, na kwa nini hilali hiyo hupoteza umbo lake na kuwa duara pale tundu la duara linapopanuliwa. Kupinda kwa nuru kwenye ukingo hakumo katika hoja zake. Lakini swali alilolishika, yaani katika kila picha ni kiasi gani kilicho cha jua na kiasi gani kilicho cha tundu, ndilo swali linalomkabili mhariri wa video kila anapotaka kuitia taa nyota ambayo kamera haikuipata.

Ushahidi ulio bora uko mbinguni. Picha za darubini ya Hubble huzipa nyota miale minne, kwa sababu kioo chake kidogo kimeshikiliwa na vyuma vinne vyembamba. Picha za James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, huzipa miale sita mikubwa na miwili midogo, ile mikubwa ikitokana zaidi na kioo chake kilichoungwa kwa vipande 18 vya pembe sita, na ile midogo ikitokana na nguzo tatu zinazokishikilia kioo cha pili. Mtu aliyezoea huweza kupewa picha mbili za nyota ile ile akataja kila moja imetoka darubini ipi, bila ya kusoma neno lolote chini yake.

Wingu la nuru liizungukalo taa lina nasaba nyingine. Sehemu yake hutokana na unyevu wa hewa, sehemu na vumbi na alama za vidole juu ya lenzi, na sehemu na vioo vyenyewe, kwani kila uso wa kioo usiopakwa dawa hurudisha takriban asilimia 4 ya nuru inayoufikia, na lenzi yenye vioo kumi ina nyuso nyingi za kurushiana nuru hiyo kabla haijatulia. Katika zama za ukanda wa filamu palikuwa na sababu ya ziada, nami naipenda kuliko zote: nuru kali ilizipenya tabaka zote za rangi, ikaugonga mgongo wa ukanda, ikarudi, na kwa kuwa tabaka lihisilo wekundu ndilo lililo chini kabisa, ndilo lililoguswa kwanza na nuru hiyo irudiyo, hivyo taa ikapata pete nyekundu kama ya kaa la moto. Viwanda viliupaka mgongo wa filamu za sinema masizi ya kaboni ili kuizuia aibu hiyo. Na leo filamu iitwayo CineStill 800T huuzwa bila ya masizi hayo, na wanunuzi wake huitafuta kwa ajili ya pete ile ile ambayo wazee wa kazi walihangaika kuifuta.

Msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini mtu ajitaabishe kuirudisha kasoro ambayo mafundi wa vioo walitumia umri wao kuipunguza. Jawabu limo katika udhaifu wa skrini. Skrini ya studio iliyopimwa kwa kanuni ya kawaida ya televisheni hutoa weupe wake wa juu kabisa kwa kandela 100 hivi kwa kila mita ya mraba, na skrini bora za siku hizi hufikia 1,000 au zaidi. Uso wa jua la adhuhuri una takriban bilioni 1.6 za kandela hizo. Hakuna fundi atakayelitia jua ndani ya kioo cha meza. Lakini jicho la mwanadamu lenyewe lina kope, lina unyevu, na lenzi yake imesukwa kwa nyuzi, kwa hiyo nuru kali ikiliingia huona wingu na miale; nasi tangu utotoni tumezoea kwamba penye wingu na miale pana ukali. Mwaka 1995 Greg Spencer na wenzake watatu walichapisha hesabu za kuigiza athari hizo za jicho katika picha za kompyuta, kwa hoja hiyo hiyo: karatasi na skrini haziwezi kutia kiwi, lakini zikionyesha alama za kiwi, jicho husadiki.

Neno hilo, kiwi, nitalirudia. Mabaharia wetu na madereva wetu wamelitumia kabla ya kompyuta, na linataja kwa silabi mbili jambo ambalo vitabu vya ufundi hulizunguka kwa kurasa.

Kuigiza nuru baada ya picha kupigwa kulianza zamani kuliko kompyuta za uhariri. Katika filamu ya Tron ya mwaka 1982, iliyoongozwa na Steven Lisberger, waigizaji walipigwa picha kwa filamu ya 65 mm isiyo na rangi, kisha kila fremu ikakuzwa juu ya bamba kubwa la filamu angavu, sehemu zisizotakiwa kung'aa zikafunikwa kwa weusi, taa ikawashwa chini ya bamba, rangi ikatiwa kwa vichujio, na kamera ikalipiga tena bamba hilo kwa mapito kadhaa, mpaka mistari ya mavazi ikawaka kama waya wenye umeme. Mtu akiyatazama matendo hayo kwa makini ataona ni yale yale yaliyomo ndani ya kitufe cha mng'ao cha programu za leo: kutenga palipo na ukali, kuupanua ukali huo, na kuujumlisha juu ya picha ya asili. Tofauti ni kwamba wale waliyafanya kwa mikono, fremu baada ya fremu, na mkono una desturi ya kujiuliza kabla ya kufunika au kuacha wazi, kitufe hakijiulizi.

Mimi nililijua hilo kwa njia ya kuona haya. Miaka michache iliyopita nilikabidhiwa picha za filamu moja ya wavuvi wa dagaa, zilizopigwa kaskazini ya Unguja katika siku za giza, kwani usiku wa mbalamwezi dagaa hawazifuati taa. Fremu iliyokuwa roho ya filamu ile ilimwonyesha kijana aliyesimama ndani ya kidau, amevaa fulana nyeupe, taa iko juu ya mti karibu na bega lake, naye anaivuta kamba kwa mikono miwili; nyuma yake, mbali kabisa, taa za vyombo vingine zimepangika juu ya upeo wa bahari kama shanga. Mwenye filamu alitaka taa zile ziwe na uhai. Nikakitumia kitufe cha mng'ao, nikaiongezea kila taa nyota ya miale minne, nikaridhika, na siku ya pili nikaichukua kompyuta hadi baraza ya mzee mmoja aliyevua dagaa tangu enzi za karabai, ambaye sauti yake ilikuwa itumike ndani ya filamu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Haya, nionyeshe."

Akaitazama mara mbili, akanyamaza, kisha akaweka kidole chake juu ya kifua cha kijana.

"Huyu mbona fulana yake inawaka? Taa ni ile, au ni yeye?"

Sikuwa na la kumjibu, kwa maana alikuwa amesema kweli. Wingu la nuru lilikuwa limemzunguka kijana kama lilivyoizunguka taa, na nilipolitazama kwa jicho lake niliona kwamba nimemfanya mvuvi kuwa mzimu. Mzee akaongeza, kwa upole wa mtu anayemfundisha mwana wa nduguye kufunga nanga:

"Taa iliyo karibu hutia kiwi, mwanangu, hata usione mkono ulio mbele yake. Ya mbali haina kiwi, ni nukta. Hizi zako zote umezipa miba sawasawa."

Katika maneno hayo machache palikuwa na makosa yangu yote, na nitayaeleza kwa utaratibu niliorudi nao mezani, kwa kuwa ndiyo makosa niyaonayo katika kazi nyingi.

La fulana lilikuwa kosa la hisabu. Kamera ile iliandika kila rangi kwa biti 8, yaani kwa namba kutoka 0 hadi 255, na kila kilichozidi weupe fulani kilisukumwa hadi 255 na kuachwa hapo. Taa, ambayo katika uhai ilikuwa na ukali mara nyingi kuliko nguo, na fulana, ambayo ilikuwa nguo iliyomulikwa, zote ziliandikwa 255. Kitufe cha mng'ao hufanya kazi kwa kizingiti: hukitenga chochote kilichovuka namba uliyoitaja, na kwa kizingiti, fulana na taa ni ndugu wa tumbo moja. Hakuna namna ya kusogeza kipimo itakayowatenganisha, kwa sababu khabari yenyewe ya ukali wa taa ilikwisha kupotea kamera ilipoandika. Dawa yake ni mtu kuyarudisha kwa mkono yale ambayo mashine imeyasahau: nikaichorea taa mpaka wake fremu kwa fremu, nikaipandisha thamani yake hadi mara 40 ya weupe wa kawaida, na fulana nikaiacha mahali pake. Hayo hayawezekani ndani ya biti 8, ambamo hakuna namba iliyo juu ya 255. Hufanywa katika hesabu za desimali za biti 16 au 32, ambamo weupe wa karatasi ni 1 na taa yaweza kuwa 40 au 400. Mafaili ya OpenEXR, ambayo Industrial Light & Magic iliyatoa kwa watu wote mwaka 2003, yalibuniwa kuchukua namba za namna hiyo.

Kuna jambo la pili la hisabu, nalo huwadhuru wengi wasijue. Namba zilizomo katika video ya kawaida hazilingani na kiasi cha nuru, kwani zimekunjwa ili ziafikiane na jicho na skrini. Namba 128, ambayo mtu angeidhani ni nusu, huwakilisha takriban asilimia 22 tu ya nuru ya 255. Ukiutandaza ukali wa taa kwa namba zilizokunjwa, wingu hutoka la kijivu, zito, kama moshi wa kibatari. Ukizikunjua kwanza, ukatandaza, kisha ukazikunja tena, wingu hutoka jepesi na rangi ya taa hubaki rangi yake. Laiti pangekuwa na jambo moja tu la kumfundisha mwanafunzi katika ufundi huu wote, ningechagua hilo.

Umbo la wingu nalo lina tabia yake. Programu nyingi hulitandaza kwa ukungu wa kipimo kimoja, na matokeo yake ni mpira wa pamba uliozunguka taa, wenye mwisho unaoonekana. Ilhali wingu la kweli lina moyo mkali ulio mdogo na mkia mwembamba unaokwenda mbali sana, hata usijue umeishia wapi. Mimi huchukua ukungu wa pikseli 4, nikaujumlisha na wa 8, wa 16, wa 32, wa 64 na wa 128, kila mmoja ukiwa hafifu kuliko uliotangulia, na kile ninachokiongeza katika wingu nikakipunguza katika taa yenyewe, kwani lenzi haiumbi nuru mpya; hupeleka tu kwingine ile iliyopokea.

Na nyota? Hapa ndipo maneno ya mzee juu ya miba yalipopata maana ya kifizikia. Njia ya adili ya kuipata nyota ni kulichora tundu lenyewe, jeupe juu ya weusi, pande 7 ikiwa lenzi ina bapa 7, kisha kulifanyia hesabu iitwayo badiliko la Fourier, kwa jina la Joseph Fourier ambaye kitabu chake juu ya joto kilitoka mwaka 1822, na kukipiga kwa nafsi yake kila kinachotoka. Kazi hiyo, ambayo kwa mkono ingemaliza umri, kompyuta huifanya kwa muda mfupi kwa njia ya mkato iliyochapishwa na James Cooley na John Tukey mwaka 1965. Matokeo ni nyota ile ile ambayo lenzi ingeizaa. Na kwa kuwa nuru nyekundu, yenye urefu wa mawimbi unaokaribia nanomita 700, hupinda zaidi kuliko zambarau iliyo karibu na 400, nyota hiyo huzidishwa ukubwa kwa kila rangi na zote kujumlishwa, ndipo vituo vya rangi tulivyoviona katika shela hutokea juu ya miale, buluu ndani na wekundu nje, bila ya mtu kuvipaka. Nikitaka nyota isiwe ya kimashine hulipotosha tundu kidogo, upande mmoja ukazidi mwenziwe, na huchora chembe mbili tatu za vumbi juu yake. Papo hapo baina ya miale mikubwa huota vinyweleo vyembamba, kama vile vionekanavyo katika picha ya kweli. DaVinci Resolve ina kifaa kinacholianza jambo hili kutoka kwenye umbo la tundu. Blender na Nuke zina vifaa vinavyoichora miale moja kwa moja, na kwa kazi ya haraka vinatosha, maadamu anayevitumia anajua vinaigiza nini.

Kwa kuwa nyota ni ya tundu, tundu ndilo linaloitawala. Taa zote katika fremu moja lazima ziwe na miale yenye idadi moja na pembe moja, ziwe za kidau au za nyumba. Urefu ndio unaotofautiana, na hutofautiana kwa ukali, ya karibu ikawa na miale mirefu na ya mbali ikabaki nukta. Taa ikiyumba juu ya mti wake, miale haiyumbi nayo, kama mistari ya leso ya Hopkinson isivyosogea. Mpiga picha akiuinamisha mkono wake, bahari huinama ndani ya fremu na miale husimama wima kama ilivyokuwa. Nimeona filamu za gharama kubwa ambamo nyota ya taa ya gari inazunguka pamoja na gari katika kona, nami husikitika, kwa maana mtazamaji hawezi kulitaja kosa lakini moyo wake umekwisha kuacha kuamini.

Fremu ile ya wavuvi ilipigwa kwa tundu lililo wazi kabisa, kwa ajili ya giza, na wazi kabisa tundu la lenzi ile ni duara. Kwa hakika ya mambo, basi, hapakuwa na nyota ya kurudisha. Nilijadiliana na mwenye filamu kwa saa nzima, nikamwonyesha picha zote mbili, naye akakubali miale iondolewe yote na taa ya karibu ipewe wingu peke yake.

Lililobaki lilikuwa mkono. Kijana anapoivuta kamba, kiwiko chake hupita mbele ya taa, na mwanzoni nilikuwa nimeliweka wingu nyuma ya mwili wake, kwa kufikiri kwamba taa iko nyuma na wingu lake lazima liwe nyuma. Lakini wingu halikuzaliwa palipo taa. Limezaliwa ndani ya lenzi, mbele ya yote, kwa hiyo hulala juu ya kila kitu kilichomo katika picha, juu ya kiwiko, juu ya kamba, juu ya bahari. Na kiwiko kinapoifunika taa yenyewe, wingu lote huzimika pamoja nayo, hata lile lililokuwa mbali na kiwiko, kisha huwaka tena taa inapochungulia upande wa pili. Nikalipanga hivyo. Kizingiti nikakifanya mteremko badala ya kikomo cha ghafla, ili ukingo wa taa usiwe unavuka na kurudi kwa kila fremu na kulifanya wingu litetemeke. Na chenga za kamera, ambazo huzaliwa baada ya lenzi na hivyo hazipaswi kung'aa, nikaziondoa kabla ya kazi na kuzirudisha mwisho, jambo ambalo pia lilificha ngazi ngazi zilizokuwa zikionekana ndani ya weusi wa anga.

Wiki iliyofuata niliipeleka tena barazani. Mzee alikuwa amekwisha kuswali alasiri, na jua lilikuwa likiingia upande wa kompyuta, ikabidi tuigeuze. Aliitazama kimya kutoka mwanzo, kijana akaja, fulana yake ikiwa fulana, akaivuta kamba mara ya kwanza, na mara ya pili kiwiko kikapita mbele ya taa, giza likashuka, na taa ilipochomoza tena nyuma ya mkono ule, mzee alikuwa amekwisha kuinua kiganja chake hadi kwenye paji la uso.